Altezza iliyoshushwa, shaken inaisha mwezi ujao: lazima nirudishe kila kitu cha asili?

Altezza_Toyohashi

Wakuu, habari za uzima. Niko Toyohashi, Aichi, na hili jambo linaninyima usingizi.

Nilinunua Toyota Altezza RS200 ya mwaka 2001, gia 6 za mkono, kwa Mbrazili niliyekuwa nafanya naye kazi kiwandani kabla hajarudi kwao. Shaken, yaani ukaguzi wa lazima wa gari huku Japani, inaisha mwishoni mwa mwezi ujao. Mwenyewe wa kwanza aliigusa kila mahali. Ina koilova (shokapu na springi za kurekebisha kimo) na imeshushwa mpaka kidole hakipiti vizuri kati ya tairi na fenda. Rimu ni za inchi 18, za nyuma zina spesa (vipande vya kusogeza gurudumu nje). Tinti iko vioo vyote isipokuwa kile kikubwa cha mbele. Taa kubwa zimewekwa seti ya zenoni, usukani ni ule mdogo wa mashindano, nobu ya gia ni ya alumini tupu haina maandishi, eksozi ni nene na ina sailensa ya kuchomeka mdomoni. Halafu taa ya eabegi inawaka muda wote kwenye dashibodi.

Niliipeleka karakana moja hapa jirani. Yule bwana aliizunguka mara moja, hakuinama hata kuchungulia chini, akasema nirudishe kila kitu cha asili ndipo nije. Vya asili nilivyoachiwa ni usukani, springi na shokapu zake, na rimu za 17 zenye matairi yaliyokwisha. Eksozi ya asili sina.

Naomba kujua: ni kweli lazima kila kitu kirudi? Na naweza kuipeleka mwenyewe rikuun, ofisi ya serikali ya ukaguzi, ikiwa Kijapani changu ni cha kuongea tu, kusoma ni shida?

Mzee_Kanagawa

Mkuu usijitese. Kuna karakana zinapitisha gari lolote, unaongeza hela kidogo na unarudishiwa likiwa na stika mpya. Ulizia Wapakistani na Wabrazili wa huko kwenu, watakuelekeza.

Fundi_Gifu

Mzee Kanagawa, shikamoo, lakini hapo sikubaliani na wewe hata kidogo. Nafanya kazi karakana huku Gifu na magari ya namna hiyo napita chini yake kila wiki. Stika ya kununua haizuii polisi kumsimamisha barabarani. Wakaguzi wa serikali wanaosimama nao wakikuta gari lina mabadiliko yasiyoruhusiwa, wanabandika karatasi kwenye kioo cha mbele na anapewa siku 15 awe amelirekebisha na kulipeleka likaguliwe. Aliyefanya hayo mabadiliko sheria inamfungulia mlango wa kifungo cha hadi miezi 6 au faini ya hadi yen 300,000. Kijana yuko ugenini kwa viza ya kazi, tusimwelekeze huko.

Altezza, nisikilize. Huyo aliyekwambia urudishe kila kitu hakutaka kazi tu. Shaken haiulizi kama gari ni la asili. Inauliza vipimo, na vipimo vinajulikana. Nusu ya vitu ulivyotaja vinaweza kubaki.

Naanza na ambalo hujalitaja, na ndilo ningelitazama kabla ya mengine yote. Pandisha gari jeki, weka stendi, acha magurudumu yaning'inie. Ingiza mkono, shika springi ya koilova, itikise juu chini. Ikicheza kwenye kikalio chake, ikagonga au ikazunguka kwa mkono, gari halipiti, na mimi mwenyewe nisingekubali uliendeshe. Gari likiruka kwenye tuta, gurudumu likashuka, springi hiyo inaweza kukaa upande. Kuna watu wanashusha gari kwa kuteremsha kikalio cha springi tu, springi inabaki haina kazi gurudumu likining'inia. Koilova nyingi zinakuwezesha kushusha mwili wa chini wa shokapu bila kulegeza springi. Kama zako si za aina hiyo, inawekwa springi ndogo ya kusaidia juu yake. Ukiwa hapo hapo chini, washa tochi uangalie raba za bolijointi, za tairodi na buti za draivushafti. Gari la 2001 raba zimekauka. Ikipasuka moja na grisi ikatoka, umefeli, hata kama vingine vyote ni vipya. Raba yenyewe ni bei ndogo, kazi ndiyo inachukua saa.

Ukilishusha jeki sasa pima kimo. Sehemu ya chini kabisa ya gari iwe angalau sentimita 9 kutoka ardhini, na kwa gari lako itakuwa eksozi, si bampa. Pima uwanja ukiwa sawa, upepo wa matairi uwe sahihi. Watu wanapima kwenye changarawe halafu wanashangaa huko mbele.

Magurudumu. Inchi 18 hazina tatizo zenyewe kama rimu zina alama ya JWL, ile ya ubora wa rimu ya Kijapani. Kama matairi yako ni 225/40R18, yanazidi yale ya asili ya 215/45R17 kwa kimo kidogo sana, kiasi cha asilimia 2, kwa hiyo spidomita haitakusumbua. Pale kwenye roli za kupimia spidi ukionyesha 40 kwenye dashibodi, kasi halisi kwa magari ya kabla ya 2007 inatakiwa iwe kati ya 30.9 na 44.4. Tatizo ni hizo spesa. Wanaangalia eneo la juu ya gurudumu, kuanzia nyuzi 30 mbele ya kitovu hadi nyuzi 50 nyuma yake, rimu na nati zisitokeze nje ya fenda. Tangu Juni 2017 tairi inaruhusiwa kutokeza hadi milimita 10, lakini ni mpira tu, rimu hapana. Ning'iniza uzi wenye nati kutoka ukingo wa fenda, utaona mwenyewe. Ningekushauri utoe spesa.

Tinti ya vioo vya milango ya mbele itoke, hapo hamna mjadala. Kioo cha mbele na vya pembeni mwa dereva vinatakiwa kupitisha mwanga asilimia 70 au zaidi, na kioo chenyewe kabla ya tinti tayari kimeshakula sehemu yake, kwa hiyo hata ile tinti nyepesi inakuangusha. Ya nyuma iache.

Usukani. Rudisha wa asili, na hapa sisemi kwa sababu ya shaken peke yake. Ule mdogo hauna eabegi, na wewe unalala na kuamka barabarani kwenda kiwandani. Chomoa betri kwanza, subiri dakika kadhaa, ndipo uguse waya wa eabegi. Taa ikiendelea kuwaka baada ya kurudisha, ipimwe kwa mashine, kwa sababu siku hizi taa ya eabegi, ya ABS au ya injini ikiwa inawaka, gari halipokelewi kabisa kwenye laini ya ukaguzi. Kama ungeubakiza ule mdogo ungehitaji alama ya honi, ile ya tarumbeta, kwenye kitufe. Watu wengi wanaangushwa na hiyo, honi inalia vizuri lakini alama haipo. Nobu yako ndiyo hiyo hiyo: inatakiwa mchoro wa gia uonekane na dereva. Nunua stika yenye 1 mpaka 6 na R, ibandike kwenye nobu au kwenye paneli karibu na lever. Inatosha.

Eksozi ya kununua inaruhusiwa. Kwa miaka ya gari lako kikomo ni desibeli 96, mita inawekwa nusu mita kutoka mdomo wa bomba, kwa pembe ya nyuzi 45, na injini inashikiliwa kwenye asilimia 75 ya mzunguko inapotoa nguvu yake ya juu. Injini yako ya 3S-GE ya gia 6 inatoa nguvu hiyo kwenye 7,600, kwa hiyo utapimwa ikizunguka kama 5,700. Ni kelele kubwa, usiipime injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta ukaridhika. Gari la kuanzia Aprili 2010 sailensa ya kuchomoka isingekubaliwa. Lako ni la zamani, lakini ifunge kwa boliti imara na iwe inatimiza kipimo. La kuangalia sana ni masega, yale ya kusafisha moshi ndani ya eksozi: kama yule jamaa aliyatoa akaweka bomba tupu, hapo hakuna njia ya mkato. Gesi itakukataa, mwisho ni asilimia 1 ya CO (monoksidi ya kaboni) na ppm 300 (sehemu kwa milioni) za HC (mafuta yasiyoungua), na hata gesi ikikubali bado mkaguzi atachungulia chini aone kama yapo.

Nimeziacha taa mwisho kwa sababu ndizo zinazoangusha watu wengi. Magari yaliyotengenezwa kuanzia Septemba 1998 yanapimwa taa za dimu (mwanga wa chini). Zamani ukishindwa dimu ulipimwa fulu (mwanga wa mbali), lakini kuanzia Agosti 2024 ruhusa hiyo imekuwa ikiondolewa mkoa kwa mkoa, kwa hiyo jiandae kwa dimu. Kila taa itoe angalau kandela 6,400 na mstari wa kukatisha mwanga uonekane wazi, ukipanda kidogo upande wa kushoto. Zenoni ukiiweka kwenye nyumba ya taa iliyoundwa kwa halojeni, mwanga unakuwa mwingi lakini umetawanyika ukutani, mstari hauonekani, na mwenzio anayekuja mbele anapofuka. Kama taa zako zilitoka na halojeni, rudisha balbu za halojeni nzuri. Kisha paka dawa ya kung'arishia kwenye kioo cha plastiki cha taa, kwa umri huo lazima kimekuwa cha manjano. Nimeona taa iliyokuwa inakosa kandela nusu nzima ikapita kwa kung'arishwa tu, balbu ile ile.

MamaJunior_Hamamatsu

Kaka yangu, Fundi amemaliza ya gari, mimi nikuambie ya kule ndani. Mimi si fundi, gari langu nalipeleka mwenyewe, na ninasoma Kijapani cha mtoto wa darasa la pili.

Unaweka nafasi kwenye mtandao. Tangu Aprili 2025 unaruhusiwa kufanya shaken kuanzia miezi 2 kabla haijaisha bila kupoteza hizo siku, kwa hiyo wewe hata kesho unaweza. Chukua raundi ya asubuhi. Ada ya ukaguzi inakupa nafasi 3 kwa siku hiyo hiyo, ukiangushwa na taa unatoka, unarekebisha, unarudi. Ukienda raundi ya mwisho huna muda wa kurudi.

Beba cheti cha shaken, bima ya lazima, jibaiseki, ya kuendelea, na lile daftari la ukaguzi wa miezi 24. Kodi ya gari iwe imelipwa. Kodi ya uzito utailipa pale pale, na jiandae, gari lililopita miaka 18 la kundi la tani 1 hadi 1.5 ni yen 37,800 kwa miaka 2. Hela nyingi inakwenda huko, ukaguzi wenyewe ni hela kidogo.

Kwenye laini washa hazadi, fungua kioo, mwambie wa kwanza utakayemkuta kwamba ni mara yako ya kwanza. Wanakuja kutembea na wewe pembeni ya gari. Usione aibu, Wajapani wenyewe wanasema hivyo hivyo. Maandishi ya ubao ni machache na yanajirudia: songa, simama, kanyaga breki, achia. Breki ukiambiwa kanyaga, kanyaga kwa nguvu zako zote, wengi wanafeli breki nzima kwa woga wa mguu.

Na ile fimbo ya moto wa dharura kwenye miguu ya abiria, hatsuentō, angalia kama ipo. Gari la kununua kwa mtu mara nyingi haipo.

Altezza_Toyohashi

Dada, Fundi, Mungu awabariki sana. Jana nimelipandisha jeki. Springi za mbele zimekaa imara, za nyuma zinacheza kama Fundi alivyosema, naweza kuizungusha kwa vidole. Fimbo ya moto haipo. Masega yapo, nimeyaona. Spesa nimezitoa tayari.

Swali langu sasa: nirudishe springi na shokapu za asili nyuma tu, mbele nibakize koilova? Na hizo taa nitajuaje ziko sawa kabla ya kufika mbele ya mkaguzi?

Fundi_Gifu

Usichanganye. Mbele ikiwa chini na nyuma juu, gari linabadilika tabia kwenye kona na mwanga wa taa unainama. Ama rudisha zote 4 za asili, ama tengeneza koilova za nyuma. Kwa kuwa za asili unazo, mimi ningerudisha zote 4, nifanye alaimenti, kisha nitafute springi ndogo za nyuma taratibu baada ya shaken. Alaimenti usiiruke: sahani ya kuteleza kwenye laini, inayopima kama magurudumu ya mbele yamenyooka, inataka isizidi milimita 5 kwa mita, na ukigusa shokapu za mbele lazima kipimo kihame.

Matairi yako ya 17 usiyaguse, chini ya milimita 1.6 hayapiti. Baki na za 18.

Taa: jirani na kila rikuun kuna vijikarakana vya kupima, tesutaya. Unaingia asubuhi kabla ya raundi yako, wanakurekebishia taa na kukupimia sahani kwa mashine ile ile. Nenda huko springi zikiwa tayari zimefungwa na tangi likiwa na mafuta kama utakavyoingia nayo kwenye laini, maana gari likipanda au kushuka nyuma, mstari wa taa unahama. Ukitoka hapo usipitie popote, nenda moja kwa moja kwenye foleni.

Na shaken ikikuishia kabla hujamaliza, usiliendeshe hata kwenda kwa fundi. Ni pointi 6, leseni inafungiwa siku 30. Nenda ofisi ya jiji ukaombe namba ya muda, wanaitoa kwa safari hiyo ya kwenda kwenye ukaguzi, jibaiseki tu iwe hai.