Naomba ushauri: Colt ya mfukoni ya 1903, ninunue niwe naipiga au niiache?

Mgosi wa Columbus
Wakuu, habari za jioni. Niko Ohio mwaka wa saba sasa, grini kadi ninayo. Jirani yangu, bibi wa Kimarekani, amefiwa na mumewe na anauza vitu vya marehemu. Kuna bastola ndogo ya Colt, ile ya mfukoni ya 1903, risasi .32. Jana nimeishika. Ni bapa, laini, haina kona ya kunasa nguo. Vibao vya kitako ni vya raba ngumu nyeusi, vina farasi aliyesimama kwa miguu ya nyuma, kimoja kina ufa mwembamba. Namba ina tarakimu sita, inaanza na 3. Anataka dola 650.

Nimezoea kukusanya saa za zamani, silaha ni mara ya kwanza. Je, chuma cha umri huu kinapigwa? Na bluu yake, ile rangi ya chuma, imefifia, nimpe fundi airudishie? Nawasilisha.

fundi_chuma
Mgosi, hiyo bluu usiiguse! Colt walitengeneza zaidi ya laki tano za aina hii hadi 1945, kwa hiyo si adimu. Kinacholipiwa ni uhalisi wake. Ukiipolishi na kuichoma rangi upya umeiondolea thamani, na hairudi tena. Chukua kioo cha kukuzia utazame maandishi ya ubavuni: kingo za herufi zikiwa kali, haijaguswa. Zikiwa zimelala kama sabuni iliyotumika, kuna mtu alishaipolishi, basi bei ishuke. Geuza na magazini, kile kisanduku cha risasi kinachoingia kitakoni, chini yake patafute neno COLT, maana magazini halisi nayo ina bei yake.

Kupiga inapigwa, ila ipite kwanza kwa fundi bunduki. John Browning aliibuni bila kufuli ya mtutu. Wakati wa mlio, slaidi, ile sehemu ya juu inayorudi nyuma, inazuiwa na uzito wake na springi tu. Springi ikichoka, slaidi inagonga fremu kwa nguvu, na ndiyo mwanzo wa nyufa. Weka mpya, ya zamani ifunge kwenye karatasi uihifadhi, ni sehemu ya historia yake.

Kifaru Houston
Naongezea upande wa sheria, maana humu tuko wengi wa viza tofauti. Mwenye grini kadi anaruhusiwa kama hana kesi za kumzuia. Aliye na viza ya muda, mwanafunzi au mtalii, sheria ya shirikisho inamkataza, isipokuwa kwa vigezo vichache kama leseni ya kuwinda. Asishike hata ya rafiki, atahatarisha ukaaji wake.

Na hata kama bibi ni jirani, pitisheni mauzo kwa muuzaji mwenye leseni. Utajaza fomu 4473, utachunguzwa, na utabaki na karatasi. Bastola ya marehemu hujui ilipita mikono mingapi.

Mgosi wa Columbus
Asanteni sana. Na risasi gani?

fundi_chuma
Za kawaida, ncha ya mviringo iliyofunikwa shaba yote. Zile za ncha yenye shimo ni fupi kidogo, na kitako cha risasi ya .32 kina ukingo unaotokeza. Ukingo wa risasi ya juu ukiangukia nyuma ya wa chini, magazini inakwama.

Sasa nisikilize kwa makini. Nyundo ya bastola hii ipo, ila imefichwa ndani ya slaidi. Huwezi kuona kwa jicho kama imekokiwa. Na kwa namba hiyo yako, ni ya kabla ya 1926, haina kizuizi cha magazini. Ukichomoa magazini ukasahau risasi moja kwenye chemba, pale nyuma ya mtutu, ukivuta kifyatulio inalia. Wala haina kitu cha kuzuia pini ya kugonga risasi, bastola ikidondoka. Kila ukiishika, chomoa magazini, vuta slaidi, tazama chemba, ingiza na kidole. Usiibebe na risasi chemba hata siku moja.

Mama Nasra
Mwanangu, una watoto nyumbani? Kitu kidogo namna hiyo mtoto wa miaka minne anakiona mdoli. Kasha la chuma la kufuli kabla bastola haijaingia mlangoni, risasi mahali pengine. Na usiihifadhi kwenye mfuko wake wa ngozi, ngozi inavuta unyevu, utakuta kutu.

Mgosi wa Columbus
MREJESHO. Shikamoo Mama Nasra, kasha lilitangulia kununuliwa. Herufi ni kali, magazini ni halisi, bibi akakubali 600 kwa sababu ya ule ufa. Fundi amebadili springi. Jumamosi nimepiga risasi 30, haikukwama hata moja, na mkono hausukumwi sana. Maganda mawili nimempelekea bibi. Ameyashika muda mrefu, akaniambia mumewe alikuwa akiipiga kila Julai.