Naomba ushauri: naandika kitabu kuhusu mbwa wangu, nani atakisoma?

Wakuu, salaam kutoka Kirumba, Mwanza. Tangu John Grogan wa Marekani atoe Marley & Me, kitabu kuhusu mbwa wake, mwaka 2005, hadi kikawa filamu 2008, kumbukumbu za watu na mbwa wao zimepata wasomaji wengi huko. Nilikisoma nikalia (mke wangu alinicheka wiki nzima).

Sasa nimeanza changu. Simba alikuwa koko tu. Nilimwokota soko la samaki la Mwaloni akigombania kichwa cha sangara na korongo, sikio limechanika, ananuka dagaa. Miaka tisa kila alfajiri alinisindikiza ziwani, akakaa juu ya jiwe lilelile akiutazama mtumbwi mpaka nirudi. Amekufa Machi.

Shida ni kwamba hapa kwetu ukitaja mbwa, mtu anawaza mlinzi wa geti au kichaa cha mbwa. Rafiki ananishauri nigeuze iwe hadithi ya watoto, Simba aongee. Aongee nini? Hata kubweka alikuwa mvivu.

Nina kurasa 60 kwenye kauntabuku. Mliowahi kuchapisha, nimlenge msomaji gani? Na nianze na kifo chake, au na kile kichwa cha sangara?