Naomba ushauri: neno "bueno" la Kihispania limeniaibisha kazini

Habari zenu wakuu. Niko Valencia, Hispania, naosha vyombo kwenye mgahawa. Kihispania nakiokoteza humo humo jikoni, na hadi juzi nilijua "bueno" ni "nzuri", basi.

Juzi mpishi akanigawia ukoko wa paella, ule wali wa huku Valencia (huku ukoko unagombewa kama kwetu). Nikasema "está bueno", wote wakafurahi. Nikanogewa, nikamnyooshea kidole mpishi mwenyewe: "él también está bueno" ("él también" ni "yeye pia"). Jiko zima likaangua kicheko, mzee wa watu akakosa pa kuweka uso.

Kumbe chakula "está bueno" ni kitamu, lakini mtu "está bueno" ni kwamba mwili wake unakutamanisha! Mimi nilitaka kusema ana roho nzuri, ambayo ni "es bueno".

Sawa, nikashika hiyo. Jana tena mama jirani ananiambia mwanawe aliyekuwa na homa "ya está bueno", yaani kapona. Mbona yeye hakuchekwa?

Habari ya "buen amigo" (rafiki mwema wa kiume) na "buena amiga" (wa kike) nimeshaielewa, hata ile "bueno..." ya kuanzia maneno, kama "haya basi" yetu. Kinachonisumbua ni hiyo "está" kwa watu. Mliokaa Hispania au Amerika ya Kusini, mnatofautishaje? Au nibaki na "está bien" nikimaanisha mtu ni mzima?

Na mpishi je, nimwombe radhi au ninyamaze tu? Kesho niko naye zamu ya asubuhi.