Ejenti wetu wa nyumba anapewa bonasi na bilda (mjenzi anayeuza nyumba mpya): tubaki naye, tutafute ejenti wa ada isiyobadilika badala ya asilimia, au twende wenyewe?

MamaZawadi_DFW
Habari zenu wana Texas. Mimi na mume wangu tunatafuta nyumba mpya Celina, huku kaskazini mwa Dallas, bei kama dola 400,000. Ejenti wetu tunasali naye kanisa moja, na kila wikendi anatupeleka kwa bilda mmoja tu, nikisema twende na mtaa wa pili anasema kule nyumba mbovu. Juzi nimeona karatasi ofisini kwa bilda, kumbe ejenti akileta mteja akanunua kabla mwezi haujaisha anapata kamisheni 3% na bonasi ya dola 10,000 juu yake, na hajawahi kututajia!! Nisaidieni kulinganisha.

Mzee_wa_Katy
Pole mama. Mimi ni ejenti Houston. Bilda akishusha bei iliyoandikwa, tathmini za nyumba zote za mtaa zinashuka na waliokwisha kununua wanakuja juu, ndo maana punguzo analipitishia kwa ejenti. Bonasi kuwepo sio kosa, kosa ni kunyamaza. Kanuni za maadili za NAR (chama cha kitaifa cha maejenti wa nyumba Marekani) kifungu cha 7 zinakataza mwanachama kulipwa na pande mbili bila kuwaambia wote na mteja wake kuridhia. Halafu tangu tarehe 17 Agosti 2024 ejenti anayetumia MLS (orodha ya pamoja ya maejenti ya nyumba zinazouzwa) lazima asainishane na wewe mkataba wenye malipo yake kabla hajakuonyesha nyumba, na haruhusiwi kupokea zaidi ya hapo kutoka kwa mtu yeyote. Mkataba wenu unasemaje?

MamaZawadi_DFW
2.5%

Mzee_wa_Katy
Basi haki yake ni dola 10,000. Bilda anatoa 12,000 (ile 3%) na bonasi 10,000, jumla 22,000. Ukitoa haki yake inabaki 12,000, hiyo iombeni ishuke kwenye bei au ilipe gharama za kukamilisha manunuzi, ila benki yenu ya mkopo ijue na iandikwe.

binti_wa_Arlington
Jamani tusimhukumu haraka, ejenti anazunguka na mteja miezi sita petroli yake mteja asinunue, hiyo bonasi inamfidia.

Kaka_Juma_FW
Dada, afidiwe ndio, lakini kwa hela inayojulikana. Anayelipa mkopo miaka 30 ni mama Zawadi, sasa nitaaminije neno "mbovu" la mtu mwenye 10,000 upande mmoja tu?

Na kwenda wenyewe msijaribu. Mimi nilienda nikidhani ile 3% nitakatiwa mimi, bei ikabaki ileile. Yule dada wa ofisini alinikarimu sana lakini mwajiri wake ni bilda, hakuna aliyeniambia nilete mkaguzi wangu wa nyumba, gereji ikapasuka mwaka wa kwanza. Tena mabilda wengi wanataka ejenti aandikishwe siku ya kwanza unapofika, ukitangulia peke yako wanaweza kukataa kumlipa baadae.

MamaZawadi_DFW
Nimempigia ejenti wetu jana, nikamuuliza moja kwa moja kuhusu bonasi. Alikaa kimya kidogo akasema alidhani hainihusu. Iliniuma maana ndiye aliyetuombea siku tunapata barua ya mkopo. Amekubali kuandika kwamba zaidi ya 2.5% hachukui, na Jumamosi tunaenda mitaa mitatu, nimeichagua mimi.

Mzee_wa_Katy
Barua pepe mama, sio maneno ya simu. Na mkaguzi wako aje kabla ukuta haujafunikwa.