Wamekula advansi yangu ya operesheni ya kupunguza uzito, lishe hakuna aliyeniuliza hata moja!

Wadau poleni na majukumu. Leo nina hasira na hospitali siitaji jina maana hela ya kesi sina.

Iko hivi. Nina kilo 118, nina sukari, dawa yake metformini nameza miaka na miaka, na hedhi yangu ikija inakuja kweli kweli. Nikaamua nifanye ile operesheni ya kukata mfuko wa chakula, hospitali binafsi hapa hapa Dar. Dada wa huduma kwa wateja ananichatisha asubuhi mpaka usiku kama dalali wa kiwanja, "mpenzi nafasi za mwezi huu zinaisha tuma advansi nikushikie tarehe". Nikatuma.

Vipimo nilivyofanyiwa: wingi wa damu, grupu, sukari, figo, homa ya ini, ukimwi, moyo. Basi. Vya kukuingiza thieta hivyo, sawa sivikatai. Ila vitamini B12 hakuna, vitamini D hakuna, akiba ya madini chuma hakuna. Wakati metformini ukiimeza muda mrefu inashusha B12, na mwanamke anayetoka damu nyingi ndo wa kwanza kupimwa chuma, halafu mnaenda kuondoa zaidi ya robo tatu ya mfuko wa chakula mtu awe anakula vijiko vitatu ameshiba, sasa kilichopungua atakijaza lini na kwa chakula gani? Nimewaambia nina historia ya vidonda vya tumbo, kamera ya tumboni hakuna, kipimo cha pailori, wale bakteria wa vidonda vya tumbo, hakuna!!

Wifi yangu ni afisa lishe mkoani, nikamtumia majibu, akapiga hapo hapo, "wifi, mengine yako wapi?" Akanituma maabara nyingine kwa hela yangu. Akiba ya chuma iko chini kabisa. Vitamini D nayo chini, na jua lote hili la Dar.

Njoo kwenye chakula sasa. Wamenipa karatasi ya fotokopi, imepinda, mstari wa chini umekatika nusu, "fuata hii wiki mbili kabla". Asubuhi oti na mtindi wa Kigiriki, mchana samoni na brokoli. Samoni jamani, mimi wa Mbagala? Dagaa hawamo, maharage hayamo, mayai hayamo, ugali nipunguze kiasi gani hakuna. Na kwa nini nifuate hakuna aliyesema, mpaka wifi ndo kanieleza kwamba ini likiwa na mafuta linakuwa kubwa linaufunika mfuko wa chakula, na daktari anapita kwenye vitundu vidogo lazima alinyanyue, likiwa kubwa haoni vizuri na linaweza kuvuja damu, wengine wanashonwa tu bila kufanyiwa kitu. Ukipunguza wanga na mafuta hizo wiki mbili ini linasinyaa. Sasa jambo kubwa hivyo unamwachia mtu na fotokopi?

Kwenye benchi nilikaa na mama mmoja wa sukari anayechoma sindano za insulini, karatasi ni ile ile. Mtu wa insulini ukimkatia wanga ghafla na dozi iko vile vile sukari inashuka anaanguka nyumbani, nikamwambia mama arudi ndani aulizie dozi, kaambiwa "daktari atakuona siku ya operesheni". Siku ya operesheni!

Na hata baada ya hapo, protini gramu 60 na kuendelea kila siku na tumbo limebaki dogo, vitamini za kumeza maisha yote, ukitapika sana wiki za mwanzo vitamini B1 inaisha na ikiisha inagusa ubongo. Hayo yote hayakutajwa, wala bei ya hizo vitamini haimo kwenye ile paketi yao.

Nikaomba tarehe isogezwe nijaze chuma kwanza. Jibu: tarehe ikipita advansi hairudi, na "usijali mpenzi, vitamini utameza ukishapungua".

Sasa naulizia mambo mawili. Kuna aliyefanyiwa sehemu ambayo afisa lishe alikaa naye chini kabisa, akamuuliza anakula nini, kabla hajalipa? Na pili, malalamiko kama haya yanapelekwa Baraza la Madaktari Tanganyika au yaanzie wizarani? Meseji zote ninazo na risiti ninayo.