Wakala wa ziara unayepandisha wazee mita 3,842 bila kuwaambia lolote, acha mara moja!

Wakuu, hili sitalinyamazia. Kuna wakala wa ziara huku Geneva, Mtanzania mwenzetu, anayetafuta wateja kwenye magrupu yetu ya WhatsApp. Anauza matembezi ya siku moja kwenda Aiguille du Midi, kilele kilicho juu ya mji wa Chamonix, Ufaransa. Tangazo lake ni picha za theluji, Mont Blanc kwa nyuma, na "wazee na watoto wote karibuni". Kuhusu urefu wa mlima, hakuna hata neno moja.

Sasa sikilizeni. Chamonix ipo mita 1,035 tu kutoka usawa wa bahari. Unapanda gari la nyaya, unabadilisha gari kituo cha kati, Plan de l'Aiguille (mita 2,317), na kwa dakika kama 20 za safari uko mita 3,777. Lifti inakumalizia mpaka 3,842. Waliopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu wanajua kambi ya Horombo iko mita 3,720, na mtu huifikia siku ya pili, akishalala kambi ya Mandara, tena kwa mwendo wa polepole huku mwongozaji anamwangalia. Huyu wakala anamfikisha bibi wa watu juu zaidi ya Horombo asubuhi moja!

Bimkubwa wangu alikuja kututembelea. Ana presha, na wakala tulimwambia kabla ya kulipa. Akajibu, "Hakuna shida, si anakaa tu kwenye gari?" Kule juu, ngazi chache tu, kichwa kikaanza kumgonga, pumzi ikambana, na anatetemeka maana hata koti zito hakuambiwa abebe. Na ilikuwa Julai. Mwongozaji wa kundi akasema tuwasubiri wenzetu waliopanga foleni ya chumba cha kioo. Tusubiri! Mtu akizidiwa na urefu anateremshwa, hasubirishwi picha. Mhudumu wa kituo ndiye aliyetupitisha mbele ya foleni ya kushuka. Tulipofika chini akapata nafuu, namshukuru Mungu.

Mwenye mzazi wa presha au moyo, mpeleke Montenvers, kituo cha mlimani hapo hapo juu ya Chamonix, kwa treni. Ni mita 1,913, na barafu ya Mer de Glace anaiona vizuri. Wakala angetuambia hilo, hela tungempa vilevile.

Na wewe wakala, najua unasoma hapa. Andika urefu kwenye tangazo. Uliza watu magonjwa yao kabla hujapokea hela. Wape muda wa kupumzika Plan de l'Aiguille. Na lile "wazee na watoto wote karibuni" lifute leo.