Mtu akikutumia ujumbe WhatsApp kisha akaufuta, ana wajibu wa kukwambia aliandika nini?

Shemeji_wa_Mbezi (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni.
Jana saa tano usiku simu inalia, naangalia, mama mkwe. Ujumbe mrefu, ila juu ya kioo niliwahi maneno matatu tu: "Baba Ivan, kwa..." Nafungua, umefutwa. Nikaona "anaandika", ikakaa kama dakika mbili, ujumbe ukaingia, ukafutwa kabla sijausoma. Wa tatu hivyohivyo. Halafu akazima data. Nimebaki na mistari mitatu imepangana kama matofali:
Ujumbe huu umefutwa.
Ujumbe huu umefutwa.
Ujumbe huu umefutwa.
Sijalala. Kwa nini? Kwa heri? Kwa taarifa yako? Mke wangu yuko hukohuko kwao Moshi na hapokei simu. Nimekaa nahesabu makosa yangu kuanzia siku ya mahari.
Swali langu: anayefuta si aseme hata neno moja? "Samahani, nimekosea namba," yaishe. Mimi kumuuliza mkwe "mama ulifuta nini" naona ni kumpekua. Nawasilisha.

Kiroba_Kitupu
"Kwa mujibu wa binti yangu..." Jiandae mkuu.

Mzee_wa_Kigogo
Enzi zetu barua ukishaitumbukiza kwenye sanduku la posta, basi. Ulikuwa unaiandika mara tatu kwenye daftari kwanza. Maji yakimwagika hayazoleki. Nyie mmeletewa kifaa cha kuzoa maji, ndiyo maana hamfikiri kabla ya kuandika. Mtu akinifutia mimi najua kanisengenya, kajistukia.

BintiMakorora
Shikamoo mzee. Mimi naona anayefuta ndiye aliyefikiri, kachelewa tu kidogo. Nilishamtumia mwalimu mkuu wangu sauti ya sekunde 40, naimba taarab huku nakaanga samaki, mafuta yanasikika. Nikafuta. Sasa nimweleze nini? "Samahani mwalimu, nilikuwa naimba"? Na yeye kwa ustaarabu wake hakuuliza mpaka leo. Kuuliza ndiko kukosa adabu. Mtu kafunga mlango wake, wewe unachungulia tundu la kitasa.

Mzee_wa_Kigogo
Marhaba binti. Ila kama mlango umefungwa, mbona ameniachia bango mlangoni limeandikwa "hapa palikuwa na kitu"? Angefuta na hilo bango ningelala.

Ndumilakuwili
Tuseme ukweli, wanaofuta ni wanawake. Mwanaume akiandika, kaandika. Hana haja ya kurudi nyuma.

BintiMakorora
Ndumilakuwili, nyie hamfuti ujumbe, mnafuta mazungumzo yote mkiwa bado getini, mnaingia ndani na simu nyeupe kama imetoka dukani jana. Halafu saa sita usiku anapiga "Fundi Bomba Mpya". Bomba gani linapasuka kila Ijumaa?

Fundi_Simu_Kkoo
Sisi mafundi tumewakosea nini? Kila mchepuko ni fundi. Fundi bomba, fundi umeme, fundi seremala. Mke wa mteja wangu alinipigia akanitukana dakika nne, na mimi kweli nilikuwa nimebadilisha kioo. Muwe mnawaita "Katibu wa Jumuiya", na wao waonje.

Kiroba_Kitupu
Hahaha. Katibu wa Jumuiya alishatumika, muulize jirani yangu.

Fundi_Simu_Kkoo
Haya, nimeshapoa. Mleta mada, kama simu yako ni Android 11 kuja juu, nenda kwenye mipangilio utafute historia ya arifa. Kama ilikuwa imewashwa kabla, utaona kilichojitokeza kwenye arifa hata kama amefuta. Kama haikuwashwa, pole, haileti ya jana. Na msikimbilie GB WhatsApp eti inaonyesha zilizofutwa. Hiyo si ya WhatsApp wenyewe, wakikukamata wanakufungia namba, na huko mazungumzo yako yanapitia kwa nani hujui. Naletewa hapa simu za namna hiyo kila wiki.
Pia mama ashukuru hakuchelewa, maana kufuta kwa wote ni ndani ya dakika saba tu.

Kiherehere_Halisi
Dakika saba ni wakati inaanza, 2017. Mwaka uliofuata ikawa saa moja na ushee. Tangu Agosti 2022 ni siku mbili na nusu hivi. Fundi gani uko nyuma miaka yote hiyo? Telegram ndiyo haina mwisho kabisa, tangu 2019 unafuta hata ya miaka iliyopita, yako na ya mwenzako, na haiachi bango. Mzee wa Kigogo ahamie huko.

Fundi_Simu_Kkoo
Mimi nabadilisha vioo na chaji, sijasema nimeajiriwa na Zuckerberg mwenye WhatsApp.

Kiherehere_Halisi
Umemtaja vizuri. Huyo mwenyewe 2018 aligundulika ujumbe wake wa zamani wa Messenger umefutwa kwenye simu za aliowaandikia, wakati sisi wengine hatukuwa na kitufe hicho. Walipobanwa wakaahidi kitaletwa kwa wote, kikaja 2019, ukiwa na dakika kumi tu za kufuta. Kwa hiyo wakubwa walianza kufuta zamani.
Ila kufuta kwa mtu na mtu mimi sina neno. Kinachoniudhi ni kufuta kwenye grupu. Hasa grupu la harusi.

MwekaHazina_Mstaafu
Kiherehere, umenigusa kidonda.
Harusi ya mpwa wangu, mwaka juzi. Grupu lina watu 140, mimi mweka hazina. Orodha inatembea kama mnavyojua, kila mtu ananakili, anaongeza jina lake chini, anabandika. Namba 37 ni mzee mmoja wa ukoo. Usiku mmoja watu wamechangamka, mtu karusha picha za sendofu, mzee akaandika kwa mkono wake: "Laki mbili, na nitaongeza." Makofi, vigelegele, stika ya ng'ombe anacheza. Mimi nikaushika ujumbe wake nikajibu hapohapo: "Mungu akubariki baba mkubwa 🙏".
Asubuhi naamka, umefutwa. Kuna orodha mpya, namba 37 hayupo, namba 38 kapanda juu kuwa 37, kimya, kama kiti kimetolewa na watu wakasogea. Ila alijisahau. Jibu langu lilibaki, na ndani yake, kwenye kile kisanduku kidogo, maneno yake yamekaa vilevile: "Laki mbili, na nitaongeza." Watu 140 wanayaona.
Ukumbi nilishalipia kianzio kwa kumhesabu yeye. Nikimdai namvunjia heshima mzee. Nikinyamaza natoboka mfuko. Ningefanyaje?

Kiroba_Kitupu
"Na nitaongeza" ndiyo imeniua. Aliongeza spidi.

Mzee_wa_Kigogo
Ahadi ni deni. Mzee mzima! Angekuja kwako na kofia mkononi akasema mwanangu, mambo yamebana, niandike elfu hamsini. Hakuna ambaye angemcheka.

BintiMakorora
Mzee, wangemcheka. Mbele ya watu 140? Ndiyo maana alifuta usiku. Ile laki mbili hakuiandika yeye, iliandikwa na yule ng'ombe anayecheza. Magrupu ya harusi ni mnada. Mnampandisha mtu bei kwa stika, akishuka mnamwita mwongo.

Wakili_wa_Kona
Twende na sheria kidogo. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 5: pendekezo unaweza kuliondoa muda wowote kabla kukubaliwa kwake hakujakamilika, baada ya hapo huwezi. Mweka hazina alishajibu kwa baraka na mikono miwili. Mzee kachelewa. Na kwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ujumbe wa simu haukataliwi mahakamani kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Watatazama ulivyotunzwa na kama haujachezewa.

Kiherehere_Halisi
Wakili mbona umeruka kifungu cha 25? Makubaliano yasiyo na kitu cha kubadilishana ni batili, ukiacha yale machache yaliyotajwa. Mchango wa harusi mtu anapata nini?

Kiroba_Kitupu
Kadi ya mwaliko, bia na robo kuku. Tena kuku mwenyewe wa baridi.

Wakili_wa_Kona
Robo kuku ni kitu cha kubadilishana, sheria haiulizi kama kinatosha. Nasimama na hoja yangu.

Pwani_Moja
Nyinyi watu wa bara mwanishangaza. Huku kwetu Mombasa mwenye kutoa hutoa. M-Pesa ikiingia ndipo jina lapandishwa kwenye orodha. Sasa mwaandika ahadi za nini, kisha mwafutana, kisha mwapelekana kwa wakili?

MwekaHazina_Mstaafu
Ndugu yangu wa Mombasa, hapa tunaahidi kwanza kwa sababu mshahara haujatoka. Tukisubiri hela ziingie ndipo tuandike majina, bi harusi atazeeka.

Ndumilakuwili
Mimi namtilia shaka huyu mweka hazina. Mara nyingi pengo la namba 37 ndiko zinakojificha na hela nyingine.
(imehaririwa)

Kiherehere_Halisi
Ndumilakuwili, umehariri lakini niliwahi. Uliandika hivi, nanukuu: "Huyu mweka hazina mwizi tu, hela kala yeye anamsingizia mzee." Sasa imekuwa "namtilia shaka".

BintiMakorora
Jamani! Si ndiye alisema mwanaume akiandika kaandika, hana haja ya kurudi nyuma? Dakika ngapi hizo? Hata samahani hakuna, bango tu la "imehaririwa".

Ndumilakuwili
Nilirekebisha lugha. Kurekebisha si kufuta.

BintiMakorora
Kumbe. Basi na mama mkwe alikuwa anarekebisha lugha. Mara tatu.

MwekaHazina_Mstaafu
Kijana, daftari langu la harusi ile lipo, na risiti za ukumbi na za mpishi zimebanwa na pini. Nilitoa mfukoni 160,000 kuziba. Mke wangu mpaka leo anadhani ilikuwa ya kutengeneza pikipiki. Usiniite mwizi halafu ukabadilisha herufi.

Ndumilakuwili
Basi mzee wangu, yaishe. Nimekosa.

Mzee_wa_Kigogo
Umeona? Kakosa, kasema, kimebaki nini? Hicho ndicho nilichokuwa nakisema toka mwanzo.

BintiMakorora
Ulikuwa unasema habari za sanduku la posta, mzee.

Shemeji_wa_Mbezi (mleta mada)
Wakuu, mrejesho. Naona mmefika mbali bila mimi.
Mke kapokea. Kumbe mama alikuwa anataka kuniomba elfu thelathini ya mbolea. "Baba Ivan, kwa unyenyekevu mkubwa..." Kaandika, kaona aibu, kafuta. Kaandika upya kwa maneno mengine, kaona aibu tena. Wa tatu ulikuwa wa kunisalimia tu, akaona salamu ya saa tano usiku itanishtua, akaufuta na wenyewe. Halafu akamwambia mke wangu asiniambie, na mke kaniambia.
Sasa natuma, au nikituma atajua nimeambiwa?

Pwani_Moja
Tuma. Usiandike neno.

BintiMakorora
Usitume leo, atajua. Subiri Jumamosi, tuma hamsini, sema ni ya sukari ya wajukuu wakija. Na usimuulize kamwe alifuta nini. Mwache na mistari yake mitatu.

Mzee_wa_Kigogo
Binti, hapo umesema. Ila Jumamosi mbali, mvua haimsubiri mtu. Atume kesho asubuhi kupitia kwa mkewe.

Kiherehere_Halisi
Mkuu akipitia kwa mke, mke atakata ya kutolea.

Shemeji_wa_Mbezi (mleta mada)
Nimetuma kwa mama moja kwa moja, hamsini, nimeandika "ya wajukuu". Tiki za bluu zimeshatokea. Anaandika... Ameacha. Anaandika tena...

Kiroba_Kitupu
Mkuu hongera, utatuambia. Turudi kwa namba 37. Mweka hazina, hukumaliza. Siku ya harusi mzee alikuja?

MwekaHazina_Mstaafu
Alikuja. Suti ya kijivu, meza ya mbele. Wakati wa zawadi akatembea taratibu mpaka kwa maharusi, akakabidhi boksi lenye utepe. MC akasoma: blenda.

Wakili_wa_Kona
Ikipokelewa kama sehemu ya malipo, tunazungumza kitu kingine kabisa. Bado salio.

Fundi_Simu_Kkoo
Blenda ya wati ngapi?

MwekaHazina_Mstaafu
Sijui wati. Ilikuwa haina kifuniko.